Hatua Mbili na Robo

Basi palikuwa na nchi sita zimekaa kijirani, maana yake kila mmoja anajua mwenzake kapika nini na hakuna anayemkaribisha mwingine. Ziko wapi? Wewe shika tu kwamba ziko mbali sana na kwenu. Ukiona kitu kinafanana na cha kwenu, hiyo ni juu yako wewe na macho yako.

Nchi hizo zilikuwa na sarafu sita. Ukitoka asubuhi na noti moja nzito, ukapita nchi zote sita bila kununua hata karanga, unabadilisha tu hela mpakani na kushukuru, jioni unarudi nyumbani na bei ya kiberiti. Wakubwa wakaona aibu. Wakakutana, wakasema jamani, tuwe na sarafu moja. Wakapigiana makofi, wakala, na walipomaliza kula wakagombana.

Nchi ya Chuma, ambayo hela yake ilikuwa ngumu kama jina lake, ikasema: kwanza tujifunze kutembea sawa, ndipo tufungane kamba. Huwezi kumfunga punda na kobe ukategemea kufika sokoni. Nchi ya Zabibu, ambayo hela yake ilikuwa inapenda kulala mchana, ikasema hapana: tufungane kwanza, kutembea sawa kutakuja kwenyewe. Kwani bibi zetu waliolewa wakiwa wanapenda? Mapenzi waliyakuta humo humo ndani.

Wakabishana miezi kumi na minne. Mwishowe kamati ya wataalamu ikatoa ripoti ya kurasa mia tatu, na ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili ukaokoa heshima ya kila mtu: "Wafungwe, lakini fundo lisikazwe. Fundo litakazwa Awamu ya Tatu." Wote sita wakatoka kwenye kikao wakitangaza ushindi.

Wataalamu, masikini, walikuwa wanatoa mfano tu. Walimaanisha kwamba hela ya nchi moja isipande wala kushuka ikaiacha ya mwenzake zaidi ya mbili na robo kwa mia. Kosa lao ni kwamba walitoa mfano huo Nchi ya Katikati.

Katikati ni nchi ndogo ambayo watu huipita wakienda nchi nyingine. Lakini ina mila yake, na mila hiyo haina mzaha: pale sera haiwi sera mpaka ionyeshwe na watu wazima wanaopumua. Mpango wao wa Maendeleo wa Miaka Mitano ulionyeshwa na bwana mmoja aliyekaa kwenye kiti miaka mitano, na alipoinuka ukatangazwa kuwa umekamilika. Uhuru wa maoni ulionyeshwa na mama mmoja aliyepewa chumba chenye kuta nene, akasema alichotaka.

Basi Rais wa Katikati akasikiliza ripoti mpaka mwisho, akauliza, "Kamba iko wapi? Na watakaofungwa ni akina nani?"

Wageni wakadhani ni utani. Wakacheka, wakapiga makofi. Makofi yakaandikwa kwenye kumbukumbu za kikao kama kura ya ndiyo.

*

Mtu aliyechaguliwa kuwa hela ya Katikati aliitwa Pazi Mlekwa. Alikuwa na miaka hamsini na minne, na kwa miaka thelathini na moja alikuwa amefunga vifurushi Posta Kuu, nyuma ya dirisha la nondo. Ukileta kanga, dawa ya kienyeji au picha ya harusi ya kwenda ng'ambo, Pazi ndiye aliyeizungushia karatasi ya kaki na katani. Vifurushi vyake havikuwahi kufunguka njiani. Watu waliviona vizuri sana, yeye hawakumwona.

Mkewe alikuwa amefariki miaka saba nyuma. Binti yake aliolewa mbali na alituma salamu sikukuu kwa sikukuu. Pazi siku hizo alikuwa anakula amesimama, kwa sababu kukaa mezani peke yako ni kama unamsubiri mtu. Jioni alikuwa anawasha redio, anaisikiliza mpaka wimbo wa taifa, kisha anaiambia lala salama.

Fomu ya maombi ilikuwa na swali moja: "Ukiondoka kwa miaka kumi, nani atakutafuta?" Pazi akafikiri sana, akachora mstari.

Kamati ikafurahi mno. "Tazameni hii," akasema Mheshimiwa Tukufu Madaha, Katibu Mkuu wa Awamu, akiinua ile fomu juu kama kombe. "Hana anayemvuta huku, hana anayemvuta kule. Mabibi na mabwana, huyu ndiye uthabiti wa bei!"

*

Onyesho likawekwa kwenye handaki la reli iliyokufa zamani, chini ya mlima ambapo mipaka ya nchi zote sita inakutana. Handaki lile lilikuwa na urefu wa hatua elfu moja mia mbili na kumi na sita. Ripoti ilisema safari itachukua miaka kumi. Wakagawa: hatua moja kila siku ya tatu. Upande wa kuingilia waliandika kwa rangi "Awamu ya Kwanza", na upande wa kutokea "Awamu ya Tatu". Awamu ya Pili haikuandikwa kwa sababu wajumbe hawakukubaliana inaanzia wapi.

Kila mmoja alipewa kigoda, godoro, taa, na simu yenye waya mrefu. Asubuhi simu zinalia kwa zamu, kila Benki Kuu inampigia mtu wake: leo hela yetu imepanda, songa mbele nusu hatua, leo imeteleza, rudi nyuma robo. Ruhusa ilikuwa hatua mbili na robo kumzidi mwenzako. Ukivuka hapo, wengine wana wajibu wa kukuvuta, na kuvutwa huko kuliitwa kwa heshima "kuingilia kati".

Siku ya kufungwa, Pazi alitazama mafundo na roho ikamruka. Yalikuwa ya kamba za viatu: unavuta ncha moja, yote yanaachia. Akamwambia Katibu, taratibu, "Mheshimiwa, kwa kazi yangu mimi, hili fundo halifiki hata kituo cha kwanza."

"Ndugu Mlekwa," akasema Madaha, "fundo hili limejadiliwa na wanasheria arobaini na wawili. Wewe una elimu gani?"

"Ya katani, Mheshimiwa."

"Basi twende na ya kisheria."

Mbele kabisa alifungwa Dokta Ngoda wa Nchi ya Chuma, mwembamba, mnyoofu, anayekula mayai ya kuchemsha akitazama saa. Wakafuata mtu wa Visiwa, wa Maziwa, na wa Chumvi. Halafu Pazi. Nyuma kabisa, mwisho wa kamba, alifungwa Bi Sikudhani wa Nchi ya Zabibu, mama wa makamo, mpishi wa shule, mwenye kicheko cha kupasua kuta.

Sasa lazima mjue kwamba watu wa Katikati na watu wa Zabibu ni watani tangu enzi za mababu. Mtani anaweza kukuambia neno msibani, ukiwa umeshika sanda, na huruhusiwi kukasirika. Kwa hiyo kamba haikuwa imefungwa hata saa nzima.

"We mtu wa Katikati," Sikudhani akaanza, "mbona mgongo wako mpana hivyo? Nimeletwa kuangalia ukuta?"

Pazi alikuwa hajataniwa miaka. Neno lilimjia polepole kama maji ya bomba la mjini. "Mgongo huu mtani ndio mzuri kuliko vyote mtakavyoviona huko kwenu."

"Haa! Kumbe linasema!"

Na kwa sababu hela ya Zabibu ilikuwa haikosi kuteleza, simu ya Sikudhani kila asubuhi ilisema kitu kimoja: rudi nyuma. Hivyo kamba kati yake na Pazi ilikuwa imekazana saa zote. Wengine walilalamika viuno vinauma. Pazi hakulalamika. Miaka saba hakuna kitu kilichokuwa kimemvuta. Alikuwa akiamka asubuhi, kabla hajafumbua macho, anausikiliza ule mkazo kiunoni, anajua: yupo.

*

Visiwa alijitoa wiki ya sita. Simu yake ililia, akasikiliza, akavaa kofia. "Nawaunga mkono kwa moyo wote," akasema, "lakini kutoka nyumbani." Akavuta ncha, fundo likaachia kama lilikuwa linasubiri kuambiwa.

Madaha akaja na kipaza sauti. "Wananchi, msipotoshwe! Kujitoa huku ni sehemu ya kuingia. Mtu hawezi kuingia mahali kama hajatoka!"

Mwaka wa pili bei ya mafuta ikapanda ghafla, Chumvi akaondoka hajamaliza chai. Maziwa akaondoka, akarudi, akasema safari hii ni kweli, akaondoka tena. Alisahau soksi na akarudi kuzichukua, na kurudi huko kuliandikwa magazetini kama dalili njema.

Dokta Ngoda yeye hakujitoa. Asubuhi moja simu yake ilimwambia asonge mbele hatua tatu kwa mpigo. Pazi na Sikudhani wakashika kamba kuingilia kati, wakavuta mpaka viatu vikachora sakafu. Nani amewahi kuivuta Nchi ya Chuma? Fundo likachomoka. Ngoda akageuka, akafuta ganda la yai mdomoni.

"Iandikwe wazi," akasema, "mimi sijaondoka. Ninyi ndio mmebaki nyuma."

Akaenda zake mbele mpaka akawa doa, doa likawa hakuna.

Wakabaki wawili. Sikudhani akashika kiuno, akatazama lile handaki refu na vigoda vinne vitupu.

"Haya, mtani. Sasa umoja wetu unaenea kwenye kanga moja."

*

Miezi iliyofuata Pazi aliifurahia kwa siri, kama mtu aliyeokota kitu barabarani na hataki kuuliza ni cha nani.

Sikudhani alikuwa amepikia watoto mia nane kwa miaka ishirini, na mkono wake haukujua kupunguza. Aliendelea kupika chakula cha watu sita. "Wakirudi je?" alisema. Walikula wakiwa wamekaa, sufuria katikati. Pazi mara ya kwanza alisahau akaanza kula amesimama, mama yule akamvuta kwa kamba, akakaa.

Alijifunza majina ya watu wa nyumba nzima ya Sikudhani: mume marehemu aliyekuwa akichana nywele hata za kwenye masikio, kaka mlevi, na binti yake wa mwisho, Mashavu, ambaye alikuwa mjamzito na hataki kula chochote isipokuwa ukwaju. Pazi aliuliza habari za Mashavu kila siku. Alianza hata kuwaza yule mtoto atafanana na nani.

"Na wewe wa kwako?" Sikudhani akamuuliza siku moja.

"Anatuma salamu."

"Zinasemaje?"

Pazi akafikiri. "Zinasema salamu."

Sikudhani hakumtania kwa hilo. Alimwongezea mchuzi.

Kisha simu ya Sikudhani ikabadilika. Siku moja ilikaa sikioni mwake kirefu, na alipoiweka hakucheka.

"Wanasema hela yetu imechoka. Wanataka kuishusha thamani, na huku ndani hairuhusiwi. Ijumaa wanakuja kunifungua."

"Ijumaa ipi?"

"Kwani kuna Ijumaa ngapi, mtani? Hii hii." Akavua kitambaa cha kichwani, akakikunja, akakifunga tena vile vile. "Mashavu anajifungua mwezi ujao. Mungu ana njia zake."

Pazi akasema ndiyo, Mungu ana njia zake. Akaosha sahani. Akaiosha tena ile ile.

Alhamisi, baada ya chakula cha mchana, Sikudhani alisinzia kwenye kigoda, kidevu kifuani. Pazi alisogea. Hakuwa na nia yoyote, alikuwa anaangalia tu lile fundo la wanasheria kwenye kiuno cha mwenzake, lilivyolegea, lilivyo la aibu. Mikono ndiyo iliyoanza. Ikazungusha mara moja, ikapitisha chini, ikazungusha mara ya pili, ikavuta ncha ikaificha tumboni mwa fundo, pale asipopaona mtu. Lilikuwa fundo la ng'ambo. Posta ya Katikati inalifunga kwa mizigo inayovuka bahari, na huko inakofika hulikata kwa msumeno.

Alipomaliza alirudi kwenye kigoda chake akakaa, anahema kama mwizi.

*

Ijumaa Madaha alikuja na wapiga picha, wanasheria wanne, na keki iliyoandikwa "Kwaheri ya Kuonana". Akasema maneno ya historia. Akashika kamba penye fundo kwa vidole viwili, akatabasamu kwenye kamera, akavuta.

Akavuta tena. Tabasamu likabaki pale pale, jasho likatoka.

"Kuna nini?" akauliza mpiga picha.

"Historia ni nzito," akasema Madaha. Akaita wanasheria. Wakavuta wanne kwa pamoja, Sikudhani akapiga kelele, "Nyie! Mimi si ng'ombe!"

Mmoja akatoa kisu. Mwenzake akamdaka mkono: kamba ile ni mali ya nchi sita, kuikata kunahitaji sahihi sita, na wenye sahihi nne hawapokei simu. Mwanasheria mkubwa akafungua ripoti, ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili. Akasoma. Akavua miwani.

"Mheshimiwa," akanong'ona, "hili fundo limekazwa. Na fundo likikazwa..."

"Likikazwa nini?"

"Awamu ya Tatu imeanza. Tangu lilipokazwa, Katikati na Zabibu wana sarafu moja."

Mtu akaangusha sahani ya keki.

Ndani ya saa moja nchi mbili zilikuwa hazijijui. Zabibu walifunga mabenki kwa sababu hawakujua kama bado ni yao. Katikati walianza kuchora noti mpya yenye sura ya marais wote wawili, nusu kwa nusu, na kamati ndogo ikaundwa kuamua pua ni ya nani. Madaha alikuwa na hotuba mbili mfukoni, moja ya kuushangilia muungano na moja ya kuulaani, akawa anaingiza mkono mfuko huu, anatoa, anaingiza ule.

Mwanasheria mkubwa ndiye aliyeona mlango. "Kuna suala la ridhaa. Kama wote wawili walikubali kufungwa, huo ni muungano. Kama mmoja alifungwa bila kujua, huo si muungano."

"Ni nini?"

"Ni kifurushi."

Madaha akageuka, akanyoosha koti. "Bi Sikudhani binti wa Nchi ya Zabibu! Je, fundo hili lilikazwa kwa ridhaa yako?"

Pazi alikuwa anatazama viatu vyake. Sikudhani alimtazama Pazi.

"Waheshimiwa," akasema, "hebu tupisheni kidogo."

Wakajivuta pembeni na keki yao.

"Hili fundo gani?" akauliza kwa sauti ya chini.

"La ng'ambo."

"La nini?"

"La mzigo. Usifunguke njiani."

"Na mimi ndio mzigo?"

Pazi akapangusa vumbi gotini. Mama yule akashusha pumzi. "Niliamka, unajua. Ulipozungusha mara ya pili. Nikasema ngoja nimwone atafika wapi."

"Mbona hukunizuia?"

"Ulikuwa unalia."

Pazi alikuwa hajui kama alikuwa analia. Akajipangusa uso kwa mkono, kama bado ni jana. "Ukisema tu ulikubali," akasema haraka haraka, "yameisha. Hawana la kufanya. Tunaendelea, mimi na wewe. Zimebaki hatua mia nane na kidogo. Tunafika, Bi Sikudhani. Ng'ambo kule kuna mwanga, Ngoda ameuona."

"Hatua moja kwa siku tatu."

"Hazina haraka."

"Mtoto ana haraka, Pazi."

Tangu siku ya kwanza alikuwa hajamwita kwa jina. Siku zote mtani, mtani, we mtu wa Katikati. Jina lake lilivyotoka mdomoni mwa yule mama, taratibu, bila kicheko, Pazi akajua ameshaondoka.

"Ningekuwa sina mtu," Sikudhani akaendelea, "ningewaambia nimekubali, na nisingeuliza hata ni sarafu gani. Haki ya Mungu. Lakini nina watu. Wananisubiri na ukwaju wao." Akaugusa mkono wa Pazi uliokuwa umelala juu ya goti. "Sasa fanya kazi yako. Wale pale wakijaribu tena watanikata mbavu."

Wapiga picha na wanasheria wakashuhudia kwa macho yao. Fundo lililowashinda watu wanne Pazi alilifungua kwa muda wa kupiga chafya. Aliingiza kidole gumba tumboni mwa fundo, akasukuma badala ya kuvuta, na kamba ikaanguka sakafuni bila sauti.

Kule Zabibu mabenki yakafunguliwa. Kule Katikati pua ikarudishwa kwa mwenyewe.

Sikudhani alikusanya sufuria zake. Kwenye mwanzo wa handaki, pale mwanga unapoanza, akageuka, na kama ilivyo haki ya mtani kwenye msiba, akapaza sauti: "We mtu wa Katikati! Usinililie! Machozi yenu hayana chumvi, kama mboga zenu!"

Pazi akatafuta jibu. Neno lilikuja, na lilikuwa zuri ajabu, kuhusu zabibu na watu wanaoiva upande mmoja. Lakini lilikuja polepole, kama kawaida yake, na lilipofika mama yule alikuwa hayupo. Akakiambia kigoda.

*

Msidhani mambo yaliharibika. Kamati ilikaa pale pale handakini, ikapima tofauti ya hatua kati ya wanachama waliobaki. Wakapima mara mbili kwa sababu hawakuamini. Madaha akapanda juu ya kigoda cha Dokta Ngoda.

"Ndugu wananchi! Kwa muda mrefu wenye wivu wametuambia kwamba nchi hizi haziwezi kutembea sawa. Leo hii, nina furaha kuwatangazia, wanachama wote waliobaki wanatembea sawa kabisa! Hakuna aliyemtangulia mwenzake. Hakuna aliyebaki nyuma. Tofauti ni sifuri! Ni nchi gani duniani zimewahi kufikia hapo?"

Makofi yakalia mpaka popo wakatoka. Na kwa kuwa masharti yote yalikuwa yametimia, iliamuliwa Awamu ya Tatu ianze mara moja na fundo likazwe. Wanasheria wakakiri hawajui kulikaza. Wakamwomba Pazi ajifunge mwenyewe, na akajifunga, fundo la ng'ambo, ncha zote mbili za kamba kwenye kiuno kimoja. Wakampigia saluti. Wakamwachia kipande cha keki chenye neno "Kwaheri", wakaondoka, na vicheko vyao vikakaa handakini muda kidogo kisha navyo vikatoka.

Asubuhi simu ikalia.

"Haloo, Benki Kuu ya Katikati hapa," ikasema sauti ya kijana mwenye mafua. "Ndugu Mlekwa, leo hela imepanda. Songa mbele robo hatua."

"Robo kumzidi nani?" akauliza Pazi.

Karatasi zikapekuliwa upande wa pili. "Haijaandikwa."

"Basi nikisonga nitajuaje nimesonga?"

"Eh." Kijana akapiga chafya. "Hilo swali gumu, mzee wangu. Itabidi nimuulize mkubwa, na mkubwa ametoka kunywa chai. Nikupigie baadaye?"

"Hapana," akasema Pazi. "Nasubiri."

"Anaweza kuchelewa sana."

"Si kitu."

"Haya basi, usikate."

Simu ikawekwa juu ya meza kule mbali, mdomo wazi. Pazi akasikia kiti kikiburutwa, kijiko kikizunguka kwenye kikombe. Akasikia mwanamke akiuliza kwa ukali nani amemaliza sukari, na watu watatu wakisema kwa pamoja si mimi, kisha wote wakaanza kucheka, na yule mwanamke naye akashindwa kujizuia.

Pazi akavuta kigoda, akakaa. Akakandamiza simu sikioni kwa mikono miwili, akafumba macho.

Hakukata.